Mgongo wa Dundu Asiye na Jina

"Haingii."

"Toa mkono."

"Sitoi. Nimeshasema haingii."

"Kobelo, hiyo pamba ina etha. Itakupanda kichwani uanguke hapa, nianze kuhangaika na wewe."

"Nianguke. Utakuwa na maiti wawili, uchague wa kuanza naye."

"Toa mkono kwenye mdomo wa chupa, Mluguru mkaidi wewe!"

"Na wewe Mnyamwezi mbeba mizigo! Babu zako walibeba meno ya tembo mpaka pwani, hawakuuliza hata siku moja yametoka kwa nani. Na wewe hivyo hivyo. Unabeba tu."

Hapo Dokta Nyamizi akacheka. Hakutaka kucheka, ilimponyoka tu puani. Kibano kikatetemeka mkononi mwake, na dundu aliyebanwa pale akatetemeka nacho, miguu sita inapiga kasia hewani. Sisi ni watani toka kwa mababu. Tukitukanana hakuna anayeruhusiwa kununa. Ningemwambia hivyo daktari wa kabila lingine, ningeshafukuzwa kambini na begi langu linanifuata kwa kuviringika mlimani.

"Unanizuia maziko, siyo?" akasema.

"Nazuia. Mtani akishalala kaburini, jeneza halishuki mpaka alipwe. Kwetu hivyo, kwenu hivyo."

"Ila kwetu maiti anakuwa ameshakufa."

"Ndiyo maana nimewahi."

Akamrudisha dundu kwenye kisanduku, akaziba chupa. Nikatoa mkono. Vidole vilikuwa baridi kama vimeshika barafu, na kichwa kweli kilishaanza kuzunguka, ila sikumwambia.

Pembeni ya meza Kisu kilikuwa kimewashwa, kinasubiri, taa yake ya kijani inawaka na kufifia kama inapumua. Kimashine chenyewe hakizidi redio kwa ukubwa. Unakitilia mdudu mmoja mzima, aliyekufa sasa hivi, kinamkata ngozi kwa ngozi, nyembamba kuliko karatasi ya sigara, na kila ngozi kinaisoma. Kikimaliza hakibaki kitu hata cha kumpa sisimizi. Lakini hapo Mfagio unakuwa umeshamjua, yeye na ndugu zake wote. Unawapita.

Usiowajua hauwapiti.

Msimu uliopita nilifanya kazi nyuma ya Mfagio, bonde la pili kutoka hapa. Zile mashine ndogondogo zinakuja kama wingu la kumbikumbi, zinashuka kwenye kila jani, kila ufa, zinaangalia nani ana jina na nani hana. Asiye na jina anapuliziwa. Sisi tunafuata na magunia, tunazoa mizoga isije ikaozea kwenye chanzo cha maji. Kwenye gunia langu niliona vitu vyenye pembe, vitu vyenye manyoya, kimoja kimebeba nyumba yake ya mchanga mgongoni. Vyote gamba limeshaanza kuyeyuka kwa dawa, vinanatana kama pipi. Siku tuliyomaliza nilikaa juu ya jiwe nikasikiliza. Msitu wa Uluguru jioni unapiga kelele mpaka unakera. Ule ulikuwa kimya kama darasa mwalimu mkali akiingia.

Sisemi Mfagio uliletwa kwa ubaya. Mwaka wa viwavi vya maabara nilikuwepo. Walioviunda waliviunda vile magugu, vikakataa magugu, vikahamia kwenye mahindi. Na ujanja wake vilikuwa vinavaa sura za wadudu wengine. Unaona kipepeo, unampisha, kumbe ndiye. Mdogo wangu Mbena hakuumaliza mwaka ule. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini picha haitoshi, kwa nini lazima mashine ione ndani, jibu ninalo na linauma.

Mfagio ulikuwa unaingia bonde letu kesho yake saa nne asubuhi. Na sisi tulikuwa na dundu mmoja tu, niliyemtoa mwenyewe kwenye gogo bovu la mkangazi asubuhi ile.

"Basi tumwangalie kwanza akiwa hai," Dokta akasema. "Uridhike."

"Siyo mimi wa kuridhika. Muulize yeye."

"Shika taa. Na uandike."

"Mwandiko wangu unaujua."

"Naujua. Unafanana na njia ya konokono. Andika."

Akainamia hadubini. Mimi nikashika taa kwa mkono wa kushoto, kalamu kulia. Nikiri kitu: Dokta Nyamizi akiinamia ile hadubini anakuwa mtu mwingine. Mabega yanashuka, sauti inakuwa ndogo, unaweza ukamwibia viatu alivyovaa.

"Mbawakawa," akasema.

Nikaandika: Dundu.

"Rangi nyeusi inayong'aa. Miguu myekundu kuanzia gotini kushuka chini."

"Kama mbegu ya ukwaju iliyolambwa," nikasema, "halafu ikavaa soksi."

"Usiandike soksi."

Nilishaandika.

"Papasi za kichwani zimevimba nchani, mafundo matatu ya mwisho yamekaa kama rungu. Mataya mafupi, mapana, ya kutafunia kuni mbovu, siyo ya kupigania. Mabawa ya juu..." Akamgeuza dundu kwa ncha ya kibano, taratibu, kama mtu anageuza chapati asiyoitaka iungue. "Njoo uone. Usiniangushie taa."

Nikaweka jicho. Usiponizoea utadhani natia chumvi, lakini nilisahau kwamba nina miguu. Mgongo ulikuwa mpana kama uwanja, una mistari imelimwa kama matuta, na juu yake kuna vinywele vya dhahabu, kila kinywele kimesimama kwenye kishimo chake.

"Unaona mshono katikati?"

"Sioni."

"Kwa sababu haupo. Mbawakawa wa kawaida ana milango miwili mgongoni. Anaifungua, anatoa mabawa laini ya chini, anaruka. Huyu milango yake imeungana. Imepigiliwa misumari."

"Haruki?"

"Hajawahi. Wala baba yake."

"Kwa hiyo aliyezaliwa kwenye gogo hili anafia gogo hili."

"Au la jirani. Ndiyo maana dunia nzima yupo hapa tu." Akanisukuma kwa bega, akarudi yeye. "Sasa kuna kitu hapa nyuma ya shingo. Kuna... hapana. Subiri. Kuna kifuniko."

"Kifuniko cha nini?"

"Ningekuwa najua ningesema kifuniko?"

Akang'oa unywele wake mmoja, akaushika kwa kibano, akaupitisha pale nyuma ya shingo ya dundu. Kipande cha gamba kikainuka. Kidogo, kama mfuniko wa birika. Dundu akakifunga mwenyewe, kwa hasira. Dokta akakisukuma tena, dundu akakifunga tena.

"Ana misuli ya kukifungia," Dokta akasema, na sauti ilishapanda. "Andika! Ukingo wa kifuniko una meno. Madogo, yamepangana kama ya mbuzi ya kukunia nazi. Ukingo wa chini nao una meno, yanakutana."

"Ya nini?"

"Sijui."

"Daktari mzima hujui?"

"Ndiyo raha yenyewe hiyo, mtani. Ndiyo raha yenyewe."

Alipokiinua mara ya tatu alimkazia kwa unywele asifunge, akachungulia ndani. Muda ukapita. Mkono wangu wa taa ukaanza kufa ganzi. Nikauliza kuna nini. Nikauliza tena. Akasogea pembeni, akaniachia kiti.

Chini ya kifuniko palikuwa na mfuko. Kuta zake laini, za rangi ya maziwa, zina unyevu. Na ndani yake zimepangwa punje nyeupe, kama mtama uliopepetwa, zimelala kwenye vinywele vinavyozishikilia moja moja zisigusane.

"Mayai," nikasema.

"Mayai."

"Ana mimba! Si nilikwambia? Si nilikwambia huyu haingii kwenye chupa? Ungemuua mama na mimba yake!"

"Punguza kelele." Alishamgeuza dundu chali. Akaangalia tumbo, akaangalia miguu ya mbele, akarudi tumboni. Halafu akacheka peke yake. "Angalia vikanyagio vya mbele. Vipana, chini vina brashi. Hizo brashi ni za kumshikilia mwenzake asiteleze. Na pingili ya mwisho ya tumbo imekatwa pembe. Kobelo, huyu ni dume."

"Dume gani ana mayai?"

"Aliyebebeshwa."

Nikasimama kabisa. "Haiwezekani. Sisi kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ni mgeni tu, anakuja na jembe lake anaondoka na jembe lake."

"Basi huyu siyo Mluguru. Huyu Mnyamwezi. Kapewa mzigo, anabeba."

Alinipata. Nilicheka mpaka taa ikayumba. Lakini yeye alishaacha kucheka, alikuwa anaunyoosha mguu wa nyuma wa dundu kwa ncha ya kibano, anaupima mpaka unapoishia.

"Hafiki," akasema. "Mguu wake haufiki kwenye kifuniko. Hawezi kuyapanga mwenyewe hayo mayai hata angetaka."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Ilinishuka kama maji ya baridi mgongoni. "Kuna aliyempangia."

"Kuna aliyempangia. Na mayai bado mapya."

Tulikaa tukiangaliana kama watu waliosikia hodi nyumbani wakati hawategemei mgeni. Muda wote tulikuwa tunagombania dundu wa mwisho. Kumbe hakuwa wa mwisho.

Ndipo Dokta akafanya kosa. Simlaumu, hata mimi nilitaka kuona. Aliingiza ule unywele mfukoni, akatoa yai moja, akaliweka kwenye kioo ili alione vizuri. Lilikuwa linapitisha mwanga. Ndani kulikuwa na kitu kimejikunja, kina madoa mawili meusi upande mmoja.

"Macho," nikasema.

Hata sijafunga mdomo, yai likaanza kukunjamana. Kama puto lililotobolewa, ila polepole. Dokta akalirudisha haraka mfukoni, vinywele havikulishika. Akaliwekea tone la maji. Likakunjamana ndani ya tone. Yale madoa mawili yakaungana yakawa moja, halafu basi.

Dundu akafunga kifuniko chake.

"Anawalisha unyevu wake," Dokta akasema. "Zile kuta za maziwa. Siyo maji. Ni kitu anachotoa mwilini mwake."

"Kwa hiyo baba akifa..."

"Ndiyo."

"Wote."

"Nimekusikia, Kobelo. Ndiyo."

Akaichukua redio ya upepo akampigia Bwana Tungaraza, msimamizi wa Mfagio aliyeko bondeni. Nilimjua, tulikula naye ugali kwenye kazi ya magunia. Mtu mpole, anaongea kama anaombea chakula.

"Dokta, nakuheshimu," redio ikasema, "lakini mashine zimeshajazwa dawa. Dawa ikikaa siku mbili inaharibika, na bonde la chini lina mashamba ya watu. Jana wamekuta kiwavi kimoja kwenye gunzi. Kimoja! Watu wamelala nje kulinda mahindi."

"Naomba wiki."

"Nikikupa wiki na viwavi vikapanda, wewe utawaambia nini akina mama wa huku?"

Mimi nikamnyang'anya Dokta redio. "Shikamoo mzee, Kobelo hapa. Tukimtoa dundu msituni? Tukashuka naye kwenye kisanduku?"

"Marahaba kijana. Ukishuka naye, getini kuna mashine. Hana jina. Atapuliziwa kwenye kisanduku, na mikono yako humo humo." Akakohoa. "Mkateni mmoja, kijana wangu. Mkimkata mmoja, mimi wengine siwagusi. Naapa. Mashine ikishamjua imemjua."

Redio ikazimika. Nilimtukana kimoyomoyo, halafu nikamkumbuka Mbena alivyokuwa analamba sufuria tupu, nikashindwa kuendelea.

"Unaona nilipobanwa?" Dokta akasema. "Nisipoua, kesho saa nne bonde zima linaoga dawa. Huyu, mke wake, majirani zake kwenye kila gogo. Nikiua, namkata baba na watoto mgongoni."

Mimi sijui kukaa na jambo. Jambo likinikaa nalirusha. Nikasema, "Tumkate mama."

"Nini?"

"Yeye ameshamaliza kazi yake. Ameshatoa mayai, ameshampa mwenzake. Mzigo hana. Tukimkata yeye, baba anabaki, watoto wanabaki, jina linapatikana. Hesabu imekaa sawa. Twende gogoni."

Dokta akamrudisha dundu kwenye kisanduku. Mimi nikawa nimeshachukua panga.

Tulipanda mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti ya miti, majani yanadondosha maji bila mvua. Yeye alibeba kisanduku mikononi mbele yangu, na kila alipoteleza alikiinua juu kwanza ndipo anajali atakapoangukia.

Lile gogo la mkangazi lilikuwa limelala palepale, limevimba maji. Nilipolichimbua asubuhi niliacha kidonda upande mmoja. Sasa kwenye kile kidonda kulikuwa na unga mpya, mwekundu, umemwagika kwenye gome kama unga wa mashine ya kusaga. Kuna mtu alikuwa anafanya kazi ndani.

Nikalaza sikio.

Kri-kri. Kimya. Kri-kri. Kama mtu anakuna nazi nyumba ya tatu.

"Dokta," nikaita kwa kunong'ona. "Njoo."

Akapiga magoti kwenye tope, akalaza sikio upande wake, tumeangaliana uso kwa uso juu ya gogo. Kri-kri. Kimya. Halafu kutoka kwenye kisanduku alichokishika kifuani, ndogo zaidi, ikajibu: kri.

Dokta akafungua kisanduku. Dundu wetu alikuwa amesimama wima kwa miguu ya mbele, kile kifuniko cha mgongoni kinacheza juu na chini, meno kwa meno. Kri. Na ndani ya gogo: kri-kri.

"Ndiyo kazi ya yale meno," Dokta akasema. Uso ulimwaka kama wa msichana aliyeitwa jina lake redioni. "Wanaitana. Anamwambia nipo, na watoto wapo. Kobelo, tumejua! Tumejua ya nini!"

Na mimi nilifurahi. Kweli kabisa, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nimelala kwenye tope na sikio limejaa unga. Halafu nikakumbuka nimeshika panga.

"Anazaa mara moja tu?" nikauliza. "Huyo mama. Si mara moja?"

"Sijui."

"Akifa, baba ataacha kulisha? Akiita asijibiwe?"

"Sijui, Kobelo. Hakuna anayejua. Hana hata jina, nani angejua?"

"Sasa wewe unaonaje? Wewe ndiye daktari."

"Mchana nilikuwa nimeshaona. Wewe ukaweka mkono." Hakusema kwa ubaya. Akasimama, akapangusa magoti, akaingiza mkono kwenye koti akatoa ile chupa, pamba ikiwa ndani. "Mtani akilipwa anatoka kaburini. Siyo?"

"Ndiyo."

"Basi lipwa."

Akaniwekea chupa mkononi, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja, kama unavyomfungisha mtoto shilingi ya dukani.

"Dokta, mimi siyo..."

"Gogo unalijua. Mlango wake umeufungua wewe. Ukimpata, umtie humo mwenyewe, taratibu, usimvunje mguu, Kisu hakitaki kilema. Ukishindwa, rudi mikono mitupu, sitakuuliza kitu. Asubuhi nitamtia huyu."

"Yupi ni sawa?"

"Ningejua ningekuwa nimeshafanya."

Akafungua khanga kiunoni, akakifunga kisanduku mgongoni, akakaza fundo kifuani ili mikono iwe huru kwa ule mteremko. Kri, kikasema kile kisanduku. Kri-kri, gogo likajibu chini ya kiganja changu. Akageuka, akashuka zake kwenye ukungu bila kuangalia nyuma, na kila alivyozidi kwenda, ndani ya gogo kule kukuna kukazidi kuwa kwa haraka.